Gauni Lisilo na Kola

Jumamosi, 19 Julai 2025

Nimenunua hariri. Haikuwa kwenye mpango.

Wifi yangu Eveline alinituma zipu na uzi mweusi kwa Salha, nyuma ya soko. Suruali ya kaka yangu Fidelis imeharibika. Nimerudi na zipu, na uzi, na kitambaa ambacho sikutumwa. Kilikuwa chini kabisa ya rafu, kimefungwa ndani ya shuka kuukuu. Kijani—cha mpunga ungali kitaluni. Nikaweka mkono juu yake. Nikauacha pale.

Salha akaniuliza, Sista, unataka kushonea nini? Nikamwambia mimi si Sista tena, tangu mwaka jana. Akasema anajua, Ifakara nzima inajua, ila mdomo umezoea. Halafu akachomoa nyuzi pembeni ya kitambaa, akawasha kiberiti. Zikanuka kama nywele zilizoungua, likabaki jivu.

"Umeona? Ingekuwa satini ingeyeyuka, ikawa kidonge kigumu. Hii hariri yenyewe. Shemeji yangu kaileta kutoka Maskati, aliyeagiza kaghairi."

Nimelipia kwa mshahara wangu wa duka la dawa. Eveline nimemkabidhi zipu tu. Kitambaa kiko chini ya mto.

Jumapili, 20 Julai

Misa ya kwanza. Nimekaa benchi la nyuma, kama kawaida yangu siku hizi.

Nimemwonyesha Eveline. Alipiga kelele! Akakishika kwa ncha za vidole kama kitoto cha ndege. Akasema nipeleke kwa fundi, kuna kijana mzuri sana barabara ya kwenda Kivukoni, anashonea mabibi harusi. Nimesema hapana, nitashona mwenyewe.

"Wewe? Umewahi kushona nini, wifi?"

Sijawahi kushona chochote. Shirikani chumba cha kushonea kilikuwa cha Sista Agnella. Nguo zilikuja zimekunjwa, ndani ya kola mna namba yangu. Tetroni nyeupe ya kazi, tetroni ya kijivu ya safari, kola mpaka kooni, mikono mpaka kiganjani. Tangu nadhiri za kwanza mwaka elfu mbili. Nikikua kwa upana, Agnella aliongeza upana. Sikuulizwa, na kusema kweli sikuwahi kutamani kuulizwa.

Kwa fundi sitaki kwa sababu fundi ataniuliza mtindo gani. Sijui mtindo gani. Nataka nijue polepole, bila mtu kusubiri jibu.

Eveline kasema cherehani lake ni la kiraka, siyo la mambo haya. Lakini amelifuta vumbi na kulitia mafuta.

Jumatano, 23 Julai

Sista Agnella alikuja dukani kununua dawa ya kiungulia. Amekonda. Tulipeana mikono juu ya kaunta kama watu wa benki, halafu akazunguka akanikumbatia, wateja wakiangalia.

Akasema tarehe kumi na tano Agosti, Kupalizwa kwa Bikira Maria, kundi letu linafanya jubilei ya miaka ishirini na tano ya nadhiri. Najua, nimesema. Akasema Mama Mkuu ameruhusu waliotoka waalikwe, hakuna ubaya.

"Njoo, Mariana. Siku ile nitakuwa natazamwa na watu mia tatu, na hakuna hata mmoja anayejua nilivyokuwa nalia unovisi, kabla ya nadhiri."

Nikamwambia nitafikiri. Akauliza kama nimepata nguo. Sijui kwa nini aliuliza hivyo—labda kwa sababu ni mtu wa nguo. Nikasema naanza kushona. Alicheka mpaka akashika kaunta. Kisha akanielekeza: hariri uifue kwanza, maji baridi, shampuu kidogo, la sivyo itakuja kurudi ukiwa umeshashona. Sindano mpya nyembamba. Usitumie pini katikati ya nguo, tundu halizibi.

Aliondoka bila dawa yake. Nimemkimbilia nayo mpaka barabarani.

Jumamosi, 26 Julai

Kitambaa nilikifua jana, nikakianika kivulini ndani ya nyumba. Vumbi la mwezi huu halifai.

Leo vipimo. Eveline na utepe wake, mimi nimesimama chumbani kwao mbele ya kioo cha kabati. Kioo kirefu. Shirikani tulikuwa na kioo cha kutosha uso, cha kuwekea veli sawa. Nimejiona mzima mara moja, kuanzia miguu. Taarifa tu: nimefanana na shangazi yetu marehemu, yule wa Mang'ula. Mabega yale yale.

"Una kiuno, wifi!" Eveline kasema. "Ulikuwa unakificha wapi?"

Nikasema nilikuwa nimekiweka nadhiri. Alianguka kitandani kwa kucheka. Sikujua kama ninaweza kumchekesha mtu.

Tumekubaliana mtindo: gauni la kushuka moja kwa moja, mbele kipande kimoja, nyuma kipande kimoja, mikono mifupi, shingo ya duara, la kuvalia kichwani. Hakuna zipu. Hakuna kola. Eveline alipouliza kola nilijibu kabla hajamaliza.

Kukata ndiyo kazi. Kitambaa kinatembea! Unakinyoosha huku, kimeshaondoka kule. Mwishowe tumetandika blanketi mezani, tukakilaza juu yake, kikatulia kidogo. Mkasi umenolewa. Nilichora kwa kipande cha sabuni. Nikakata kwa pumzi moja moja.

Bega la kushoto limeingia ndani kidogo. Basi.

Alhamisi, 31 Julai

Niandike hili taratibu.

Mama alipiga simu ya Fidelis jioni. Mama yuko Lupiro, ng'ambo ya mto, tulikozaliwa. Fidelis aliongea naye nje muda mrefu, akarudi, akakaa, akavua kofia.

"Dada, kuna neno. Mama hajawaambia watu kule."

Hajawaambia nini?

"Kwamba umetoka."

Tangu Oktoba. Kwa jumuiya yake, kwa majirani, kwa katekista, mimi bado ni Sista Mariana. Tena wamesikia habari ya jubilei. Akina mama wamekodi Kosta. Wameshona kitenge cha sare. Wana wimbo, una jina langu ndani yake, wanaufanyia mazoezi kila Jumanne. Tarehe kumi na tano wanakuja wote kunishangilia.

Eveline aliacha kumenya ndizi.

Mama anaomba jambo moja. Siku hiyo nivae gauni jeupe, nifunge kitambaa cheupe kichwani, nikae nyuma tu ya masista. Akina mama wataniona kwa mbali, watapiga vigelegele, watapanda gari lao, watarudi. Siku moja tu. Halafu yeye mwenyewe atatafuta namna ya kuwaambia.

Fidelis kasema yeye hana la kusema. Kisha akasema: "Ila mama ni mzee."

Nimeosha vyombo. Vyote, hata vilivyokuwa safi.

Jumapili, 3 Agosti

Nimeshona mbavu zote mbili. Napenda kuandika hivyo: nimeshona mbavu.

Cherehani la miguu lina tabia yake. Ukianza kwa haraka gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Kitambaa chepesi kinatumbukia kwenye tundu inakoshukia sindano, kinatafunwa. Nimeweka karatasi chini, zile nyembamba tunazofungia vidonge, nikashona pamoja nazo, kisha nikazichana. Mshono nimeushona mara mbili, kwanza nje, halafu nikageuza nikaushona kwa ndani, ili ncha zisichanuke. Agnella ndiye aliyenielekeza kwa simu.

Mshono wa kulia umenyooka. Wa kushoto unaonekana kama njia ya ng'ombe.

Eveline ana kitambaa cheupe cha pamba, kizuri, hakijakatwa. Amekiweka juu ya kiti karibu na cherehani. Nimekiona, nikaendelea kukanyaga pedeli.

Jumatano, 6 Agosti

Limeharibika.

Shingo. Nilikuwa nimechoka kutoka kazini, bora ningeacha. Nilikuwa nakunja ukingo wa mbele, mguu ukateleza kwenye pedeli, sindano ikakimbia, kitambaa kikaingia chini. Nilivuta. Sikupaswa kuvuta. Mchaniko wa urefu wa kidole, katikati kabisa, unashuka kifuani.

Sikulia. Nilikaa nikautazama kama kidonda cha mgonjwa mwingine.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, duka limefungwa. Fidelis naye yuko nyumbani, mashine ya kukoboa haifanyi kazi leo.

Njia ni moja: kukata shingo upya, chini ya mchaniko. Nimepima. Nimekata. Sasa shingo imeshuka mpaka mifupa hii miwili ya chini ya shingo ionekane, na kidogo chini yake. Siyo jambo la kutisha. Wanawake wote wa Ifakara wanayo mifupa hii.

Utepe wa kuzungushia shingo nimeukata mshazari kutoka kwenye mabaki, nikaushona kwa mkono. Mchana kutwa. Mishono midogo. Nilipomaliza nikagundua sijasali sala ya mchana na wala sijaikumbuka. Miezi yote hii nilikuwa naisali kwa mazoea, saa ile ile.

Nilijaribu gauni kwa mara ya kwanza, Eveline kanivuta mpaka sebuleni. Fidelis alikuwa anakula. Alinitazama, akatazama sahani.

"Zuri," akasema. Halafu: "Dada, ndilo utakaloenda nalo?"

Eveline kamjibu kwa niaba yangu kwamba nguo ya kijani haijawahi kumuua mzee yeyote. Wakabishana, kwa sauti ya chini, ya watu waliooana zamani. Fidelis anasema heshima ya mama. Eveline anasema na heshima ya wifi yangu iko wapi, kwenye kabati?

Nikavua gauni. Mimi ndiye wa kwenda Lupiro kumjibu mama, siyo wao.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda, nimerudi.

Basi likavuka daraja, chini mitumbwi mitatu na mtu mmoja anakung'uta wavu. Maji yamepungua sana. Zamani, nikienda unovisi, tulivuka kwa pantoni, mama alishika sanduku langu njia nzima hakutaka kulitua.

Nilimkuta anapepeta mchele uani. Shikamoo mama. Marahaba. Karibu, kaa. Umekula? Kabla sijakaa jirani akapita: "Ee, shikamoo Sista! Uko likizo?" Mama akawahi kujibu, "Yuko likizo, siku hizi wanaruhusiwa kuvaa sketi." Jirani akafurahi. Akaniambia tutaonana tarehe kumi na tano, nisiwasahau kwenye maombi.

Alipoondoka mama akaendelea kupepeta.

Nikamwambia, mama, sitavaa nyeupe.

Akasema baba yenu alikufa akijua ana mtoto Sista. Nikasema najua. Akasema, wewe hujui. Akaweka ungo chini.

"Mimi nilimpa Mungu mtoto. Amenirudishia kama sahani ya jirani. Tena tupu."

Kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu, hata kama ni chumvi unaweka.

Baadaye akauliza kile ambacho watu wote wanakiuliza: ni mwanamume? Hapana. Walikutesa? Hapana, mama, walinipenda. Basi ni nini?

Nimejaribu kumwambia. Nimesema miaka ile ya mwisho nilikuwa nasali kama mtu anayesoma maandishi ya kwenye kopo la dawa. Kila neno sahihi. Mimi sikuwemo.

Mama alinitazama sana.

"Na sisi wengine," akasema, "unadhani tunasalije?"

Hapo nilicheka, siwezi kukana. Yeye hakucheka, lakini alisogeza ungo, akanionyesha nikae karibu nichambue mawe. Tukachambua mpaka saa ya basi. Hakusema atakuja, hakusema hatakuja. Hakusema atawaambia. Amenifungia mchele.

Jumanne, 12 Agosti

Upindo wa chini umekwisha. Umeshuka chini ya magoti kwa kiganja.

Kupiga pasi: Eveline alitaka kuwasha ya mkaa, nikakataa, cheche moja tu na kazi yote imekwenda. Tumenunua umeme. Pasi ya umeme, moto mdogo, kwa ndani, na kanga juu yake. Nilidondosha tone la maji, likaacha alama kwenye pindo. Alama ya duara. Haitoki.

Dosari nyingine: bega la kushoto. Ubavu wa kushoto. Mkono mmoja mfupi kuliko mwenzake kwa uzi. Ukilivaa na kutembea, vyote vinaenda pamoja na huvioni.

Salha kapita kulitazama. Kazunguka mara mbili, mikono kiunoni, uso wa mnunuzi. "Lina makosa," akasema, "lakini limekukubali." Halafu akaniambia nisifunge kitu chochote shingoni, nitaliua.

Agnella katuma ujumbe: ameniwekea nafasi, benchi la wageni, mbele kidogo. Sikumjibu kuhusu mama. Ana yake ya kufikiria.

Kitambaa cheupe bado kiko juu ya kiti.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama kafika saa kumi, kwa bodaboda, na begi la mkononi na kuku. Akina mama wa Lupiro watakuja kesho asubuhi na Kosta yao, watapitia hapa kumchukua.

Nilimuuliza moja kwa moja: umewaambia? Akasema ngoja ninywe maji.

Alikunywa maji. Alimsalimia Eveline, akauliza habari za mashine ya Fidelis, akauliza bei ya mchele huku. Kisha akasema, "Iko wapi hiyo nguo?"

Nikaitoa. Aliipeleka dirishani. Akageuza ndani nje—mama alishona zamani, mashati ya baba. Akapitisha kidole kwenye mshono wa kushoto.

"Huu umepinda."

Najua, mama.

"Hapa shingoni ulichana."

Najua.

"Umeficha vizuri."

Akairudisha kwenye kibao cha kutundikia. Akatazama kitambaa cheupe pale kwenye kiti, akakichukua, akakikunja mara nyingi mpaka kikawa kidogo, akamkabidhi Eveline. Akamwambia akitunze, kitambaa kizuri kama hiki kisikae juu ya kiti.

Hiyo ni kauli ya nini? Sijui. Fidelis alinitazama, nikamtazama. Tumekula kuku. Mama kasali kabla ya kula, sala ndefu, ya Kipogoro nusu. Nilimsikiliza. Alitaja mvua, akataja baba, akataja jina langu, jina tupu, bila Sista.

Bado hajawaambia. Hilo nimeshalijua.

Ijumaa, 15 Agosti, Kupalizwa kwa Bikira Maria

Asubuhi. Nimekaa ukingoni mwa kitanda. Nimevaa.

Hariri ina baridi ukiivaa, halafu haina. Nilitegemea ningejisikia uchi. Sikujisikia uchi. Najisikia niko mahali fulani, kuanzia hapa mabegani mpaka kwenye pindo, na nje ya hapo ni hewa.

Mama kaingia kabla ya jua kupanda, tayari na kitenge chake cha sare. Kina picha ya Bikira Maria mgongoni. Alinizunguka kama Salha. Aliona uzi unaning'inia chini ya kwapa, akainama, akaukata kwa meno. Mdomo wake ulinigusa mkononi. Akautema, akafuta mdomo.

"Mgongo," akasema. "Simama wima. Usisimame kama unayeomba radhi."

Halafu akaniambia nikae humu ndani mpaka aniite. Nikamuuliza, mama, utawaambia nini? Akasema hajui bado. Akasema pia amechoka, Jumanne zote hizo amekaa kwenye mazoezi akiimba ule wimbo, na sauti ilikuwa haitoki.

Kosta imefika. Imepiga honi toka barabarani. Ngoma imo ndani ya gari, wanaipiga wakiwa bado hawajasimama! Wanaimba. Ndio wimbo wenyewe. Una jina langu mara nyingi, na Sista mbele ya kila jina. Wanaimba vizuri mno. Kuna sauti moja ya juu—nadhani ni yule jirani.

Fidelis kafungua geti. Vigelegele.

Mama: "Shukeni. Shukeni wote."

Mtu anasema watachelewa misa. Mama anasema misa haitaanza bila masista, na masista bado wanapanga maandamano, shukeni. Eveline anatoa viti, nasikia plastiki ikiburuzwa. Mama anaanza kusalimia mmoja mmoja, na watoto wao, na wagonjwa waliobaki nyumbani. Hamruki hata mtu. Anachelewesha.

Ngoma imenyamaza.

Anaongea sasa. Sauti ya chini, sisikii maneno yote. Nasikia "Oktoba." Nasikia "mimi ndiye niliyewadanganya, siyo yeye."

Kuku wa jirani wanaparua ukuta.

Mtu mmoja kauliza kitu. Mwingine kasema "Haa!" Kiti kimeanguka, au mtu kasimama ghafla. Mlango wa Kosta umefunguka—kuna anayerudi garini? Mmoja? Wengi? Dirisha langu linatazama upande wa migomba, sioni.

Naandika tu. Herufi zimetulia kuliko mimi.

Mama ananiita. Jina tupu, sauti ya kawaida, ile aliyoniitia zamani twende tukachote maji.

Nimevaa kiatu kimoja. Cha pili—